Jani la Ngozi Lililoanikwa kama Kahawa

Kazi yangu ilianza Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Desemba, saa mbili na robo asubuhi, nikiwa nimesimama nje ya duka la Mama Bupe pale Mpemba, karibu na Tunduma, naogopa kubisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Saa naikumbuka kwa sababu fundi baiskeli wa jirani alikuwa na redio, redio ikataja saa, naye akanitazama akasema, "Binti, tangu taarifa ya habari ianze umesimama hapo. Unauza nini?" Sikuwa nauza kitu. Nilikuwa nakusanya ujasiri, nao haukuwa unakusanyika.

Leo mimi ni mstaafu. Jeni, usicheke, na wewe Sikujua usimsaidie. Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kupangiwa shule, na Mama Bupe ameshawachukua nyie wawili mkae kwenye kiti changu likizo hii. Mtu akishakabidhi kiti amestaafu, hata kama hakupewa saa ya ukutani wala hotuba. Mama Bupe alichosema ni hiki tu: "Enesi, waandikie wenzako namna kazi inavyokwenda, maana kuwaambia kwa mdomo hutaweza. Nakujua." Kweli ananijua. Kwa hiyo nawaandikia, na kwa kuwa nina aibu ya kuonekana najifanya mwalimu, nitaanza na yale niliyoharibu. Hapo nina uzoefu wa kutosha.

Watu wa barabarani wanadhani Mama Bupe anauza chuma chakavu. Wakichungulia wanaona pasi za mkaa, taa za chemli, saa zisizotembea, basi wanapita zao. Lakini nyuma, kwenye kabati la droo, ndiko kwenye biashara yenyewe: maandishi ya mkono ya Wazungu wa kale. Zamani huko Mbozi walikuwepo Wazungu wenye mashamba ya kahawa, na wamisionari, na wengine upande wa Zambia. Walipoondoka waliacha vitu kwa wapishi na makarani wao. Barua, vitabu vya mapishi, hesabu za shamba, nyimbo zilizonakiliwa kwa kalamu ya kuchovya. Wajukuu wa wapishi wale wakafungia maandazi. Mama Bupe huzunguka Igamba, Isansa, huko kote, kuyawahi kabla ya maandazi. Mengine ananunua, mengine anachukua mali kauli, yaani kitu kinabaki cha mwenyewe mpaka kiuzwe.

Kisha kila kitu kinaandikiwa maelezo, kinapigwa picha dirishani, na maelezo yanatumwa kwa wanunuzi kupitia mashine za intaneti pale mjini Tunduma. Kitu cha kanisa kinarudishwa kanisani. Na hakuna kinachovuka mpaka kabla ofisi ya serikali haijakikagua na kukiandikia ruhusa. Mama Bupe ni mkorofi kwenye mengi, ila kwa hayo mawili ndiyo mkorofi kabisa.

Alinichukua kwa sababu mbili. Alikuwa anaimba kwaya na mama yangu, na mama alimwambia nina mwandiko. Siku ile ya kwanza, nilipoingia hatimaye (fundi ndiye aliyepiga hodi kwa niaba yangu), aliniuliza swali moja.

"Unaongea sana?"

Nikatikisa kichwa.

"Vizuri. Aliyetangulia alikuwa anawaongelesha wateja mpaka wanasahau walichofuata."

Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa ya kitabu cha mapishi cha mke wa mkulima mmoja wa Kizungu. Nilikesha nayo kichwani. Niliandika: "Hiki ni kitabu kizuri sana cha kale sana, kinachopendeza, na kinafaa kwa familia nzima." Mama Bupe akayasoma kwa sauti mbele ya fundi baiskeli, ambaye alikuja kuazima bisibisi na, kama mtakavyoona, hakosi jambo.

"Kinafaa kwa familia nzima," alirudia Mama Bupe. "Enesi, hii ni sabuni?"

"Hapana, Mama."

"Kina kurasa zote?"

"Sijui, Mama."

"Kina doa?"

"Kina la samli, Mama. Na panya amekula kona."

"Sasa hayo ndiyo uandike. Anza na ubovu. Uzuri mnunuzi ataukuta mwenyewe, ana macho. Lakini akikuta tundu ambalo hukumwambia, ataanza kutafuta na mengine ambayo hata hayapo."

Hiyo ndiyo kanuni ya duka, na ndiyo ugomvi wote mtakaoukuta humu chini. Dosari kwanza. Halafu kipimo, halafu wino, halafu maneno yanasema nini, kama unajua. Kama hujui andika hujui. Mimi niliona vigumu mno. Shuleni tumezoea kwamba ukiandika "sijui" kwenye mtihani unapata sifuri. Kwa Mama Bupe, nilipoandika kwa mara ya kwanza "lugha siijui", alinipa andazi.

Mambo mengine madogo mniwie radhi nikiyataja bila mpangilio. Nawa mikono, kausha, na usipake mafuta asubuhi. Mimi nilipaka, na kuna barua moja ya mmisionari ambayo hadi leo ina kidole gumba changu cha mafuta ya mgando. Nililazimika kukiandika kwenye dosari kama kitu cha mtu nisiyemfahamu. Usilambe kidole kufungua ukurasa. Rula tumia ile ya kwenye kompasi ya shule, ila anza kupimia kwenye sifuri, siyo ukingoni. Kwa mwezi mzima vitu vyangu vyote vilikuwa vifupi. Nusa kila kitu. Karatasi iliyokaa jikoni inanuka moshi, iliyokaa kwenye sanduku inanuka dawa ya nondo. Na pini za chuma ni adui, zinashika kutu na kula karatasi.

Hapo kwenye pini niliaibika kweli. Sketi yangu ya shule, ambayo ndiyo ilikuwa sketi yangu ya maana peke yake, ilifumuka upindo. Kumwomba mtu sindano niliona haya. Basi nikachukua stepla ya duka nikajipigia pini upindo mzima, nikawa natembea nayo hivyo. Mama Bupe alinitazama nikipita hivyo siku kadhaa. Siku ya kunifundisha habari ya pini akaninyooshea kidole miguuni: "Dosari: upindo wenye kutu." Fundi baiskeli alikuwepo, bila shaka.

Sasa jani la Bibi Nambela.

Bibi Nambela ni mjane wa Igamba. Marehemu mumewe alikuwa mpishi kwa Mzungu wa kahawa, na Mzungu alipofunga shamba alimwachia daftari la jikoni. Daftari lenyewe mchwa walilimaliza, lakini jalada lake mchwa walilikwepa, kwa kuwa halikuwa karatasi. Ilikuwa ngozi. Jani moja kubwa la ngozi, kubwa kuliko sinia la ugali wa wageni, lililokunjwa katikati ili kufunika daftari kama sisi tunavyofunika madaftari kwa gazeti. Pande zote mbili limeandikwa: mistari minne minne myekundu, juu yake vidoti vya mraba kama punje za maharage zilizopangwa na mtoto mwenye subira, na chini maneno meusi manene. Herufi moja ya kwanza ilikuwa ya bluu, bluu ambayo sijaiona tena popote, hata kwenye vitenge.

"Ni nyimbo," alisema Mama Bupe. "Wazee wao wa kanisa waliimba kutoka kitabu kimoja kikubwa, wote wamesimama wanakitazama. Baadaye vitabu vikachoka, mafundi wakakata majani kufungia vitabu vingine." Akanionyesha upande mmoja, wa njano kidogo, una vitundu vidogo vidogo. "Huku ndiko kulikokuwa na manyoya."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ndama, ya mbuzi, ya kondoo, ulikuwepo? Andika ngozi."

Bibi Nambela aliliacha mali kauli, na alijua hasa anachotaka. Pale dukani kulikuwa na cherehani ya mkono, nyeusi, nzito, ina maua ya dhahabu yaliyofutikafutika na kifuniko chake cha mbao. Bibi alitaka cherehani hiyo. Alipokuwa msichana alijifunza kushona kwa mke wa yule Mzungu, halafu maisha yakaenda na hakuwahi kuwa na ya kwake. Patano likawa: jani likiuzwa, cherehani inaenda Igamba. Lisipouzwa, inabaki.

Kila siku ya soko Bibi alikuwa anakuja. Analeta ndizi, ananikuta nimejikunyata nyuma ya kabati, nasema "Shikamoo Bibi" kwa sauti ya panya, anasema "Marahaba mjukuu wangu, na leo pia umelala na njaa?" Kisha anakaa mbele ya cherehani anazungusha mpini wake. Bila uzi, bila kitambaa. Grrr, grrr, grrr. Amefumba macho nusu. Mama Bupe hakumkataza hata siku moja.

Mnunuzi alikuwa Bwana Yohani, mzee wa Kizungu anayeishi Lusaka. Kiswahili chake kina Kibemba ndani yake, na hununua maandishi kwa ajili ya watu wa kwao wanaoyapenda. Alikuwa ameona picha ya jani. Alituma neno kwamba Jumamosi atapita akirudi kutoka Mbeya.

Alhamisi mchana mvua ilinyesha, ile ya Desemba inayopiga bati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Tukalala, maana likizo nilikuwa nakaa hapohapo kwa Mama Bupe. Ijumaa asubuhi Mama Bupe akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa shughuli zake, nami nikafungua droo. Bati lilikuwa linavuja juu yake. Jani la Bibi Nambela lilikuwa limelowa ukingo mmoja, limelegea kama mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto. Wino ulikuwa salama. Herufi ya bluu salama. Ukingo tu.

Sikilizeni nilivyowaza, maana niliwaza kwa makini sana na hilo ndilo linaloniuma. Mimi ni mtoto wa Isansa. Kwetu kitu cha thamani kikiwa na maji kinapelekwa mahali pamoja tu: kwenye wavu wa kuanikia kahawa. Hakilazwi chini. Hewa ipite juu, hewa ipite chini, ukigeuze mara kwa mara kwa kiganja, saa sita ukifunike jua kali lisikipasue, kikauke sawasawa. Mama yangu amenifundisha hivyo tangu sijafikia urefu wa meza. Na uani kwa Mama Bupe kulikuwa na wavu wa waya juu ya miguu ya mbao. Yeye alikuwa anaanikia dagaa, lakini nikaufuta.

Nikalitandaza jani. Jua lilikuwa zuri, lile kali la baada ya mvua. Nikaligeuza. Nikasubiri, nikaligeuza tena. Jamani, nilijisikia mtu. Nilijiambia Mama Bupe akirudi atanipa maandazi mawili.

Kisha jani likaanza kutoa sauti. Tik. Tik. Kona moja ikainuka polepole kama mkono wa mwanafunzi asiye na uhakika. Nikaibonyeza, ikainuka ya upande wa pili. Nikaligeuza, kumbe ndiyo nalisaidia. Kabla sijajua nilikamate wapi, jani lote lilijiviringisha likawa mwanzi, gumu, limekakamaa kama pembe. Nilijaribu kulikunjua, likalia ndani kwa sauti ambayo sikutaka kuisikia mara ya pili. Ndani ya mwanzi ule niliona ile bluu.

Na hapo ndipo mbele ya duka paliposikika, "Hodi wenyewe!" Bibi Nambela. Ilikuwa siku ya soko.

Mtu mwenye akili angekwenda kumpokea. Mimi nililifunga jani kwenye kanga nikatokea uani, nikapenya ua wa jirani, nikajifungia kwenye chumba cha kimea cha Mama Lusekelo. Mama Lusekelo anapika pombe ya ulezi, na Desemba ndiyo msimu wake. Ulezi huuloweka, kisha huutandaza humo chumbani chini ya magunia mabichi mpaka uote. Mle ndani kuna giza, kuna joto, na hewa ni nzito kama pumzi ya ng'ombe. Nikakaa juu ya magunia nikalia kwa utulivu, jani mapajani. Kupitia ukutani nilisikia cherehani. Grrr, grrr, grrr. Bibi anashona hewa.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinua kanga nijifute kamasi, nikahisi mwanzi umepungua ugumu. Nikaubonyeza kidogo. Ukakubali. Nikaufungua upana wa kiganja, haukulia. Nikaacha kulia mimi pia, kwa mshangao.

Mlango ukafunguliwa. "Nani amekalia kimea changu?"

"Mimi, Mama Lusekelo."

"Mimi nani?"

"Enesi."

"Enesi wa Mama Bupe? Yule asiyeongea? Unafanya nini humo?"

"Najificha."

"Ungejificha juu ya mkaa. Hicho ni kimea cha harusi!"

Akanishika sikio, siyo kwa nguvu, akanirudisha kwa Mama Bupe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kutoka Nakonde na vifurushi. Hivyo nilisimama katikati ya duka: Mama Lusekelo huku, Mama Bupe kule, Bibi Nambela kwenye cherehani yake, fundi baiskeli mlangoni, nami na jani lililojikunja kama kinyonga kwenye kanga.

Mama Bupe akalitazama. Akatoa gamba la dagaa lililokuwa limeganda pembeni. Akalinyoosha mbele yangu.

"Enesi atasema."

Nikatazama miguu. Pini za stepla zilikuwa bado pale, na kutu yake.

"Nimelianika," nikasema.

"Sikusikia, mjukuu," alisema Bibi Nambela.

"Lililowa. Nimelianika. Kwenye wavu. Kama kahawa."

Bibi hakupandisha sauti. Aliniuliza kama mtu wa kazi anavyomuuliza mwenzake. "Ulifunika saa sita?"

"Halikufika saa sita, Bibi."

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, na Mama Lusekelo akafuata. Bibi Nambela hakucheka. Aliutoa mkono wake kwenye cherehani, akauweka mapajani, na sijawahi kuona mkono uliokaa bila kazi namna ile.

Nikasema, tena bila kuulizwa, kwamba kule kwenye kimea lilikuwa limeanza kulegea. Mama Bupe akanitazama. Akamtazama Mama Lusekelo. "Hewa yako ni ya bei gani?" akamuuliza.

"Nitaomba dagaa," alisema Mama Lusekelo.

Tukalitundika jani kwenye kamba juu ya magunia, ndani ya kanga kavu, lisiguse maji. Hadi jioni likawa limelala lenyewe, laini kama sikio la mbuzi. Tukalilaza kati ya blanketi mbili na mbao mbili, juu tukahitaji kitu kizito. Kitu kizito kuliko vyote dukani kilikuwa kimoja.

"Bibi," alisema Mama Bupe, "tunaomba cherehani yako kidogo."

"Yangu?"

"Ikifanya kazi vizuri usiku huu, huenda ikawa yako."

Bibi akaibeba yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaiweka juu ya ubao. Kisha akasema haendi Igamba. Atalala hapohapo kwa Mama Bupe mpaka ajue moja.

Jumamosi asubuhi tukainua. Jani lilikuwa limenyooka. Yaani, karibu. Kona moja ilikuwa imeinuka kama sikio la mbwa aliyeitwa jina. Ngozi ilikuwa imechukua alama za nyuzi za blanketi, kwa mbali, ukiitega kwenye mwanga. Na lote, kutoka juu hadi chini, lilinuka kimea.

"Andika," alisema Mama Bupe.

"Yote?"

"Yote."

Bibi Nambela alikuwa amekaa nyuma yangu. Bibi hajui kusoma, lakini anajua urefu. Aliona mistari inaongezeka. "Mjukuu wangu," aliniambia polepole, Mama Bupe alipotoka kuchemsha chai, "akisoma hayo yote atanunua?"

"Sijui, Bibi."

"Basi punguza. Hiyo kona mtu si ataiona tu mwenyewe? Na harufu itakwisha njiani. Mimi ni mzee, Enesi. Nimesubiri chuma hicho tangu nina meno yote."

Wadogo zangu, hapo sikuwa na pa kujificha, hata kimea kilikuwa kimefungwa kufuli kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa sijawahi kumkatalia mtu mzima kitu chochote. Nilikaa na kalamu juu ya karatasi mpaka wino ukadondoka, nikapata na doa langu mwenyewe. Halafu nikawaza: mimi ndiye nilimharibia, na sasa ananiomba nimsaidie, na nikimsaidia hivyo Bwana Yohani atalifungua Lusaka, ataona nyuzi za blanketi, na Mama Bupe hatauza tena jani la mtu yeyote. Hayo yote yalikuwa kichwani. Mdomoni yalitoka mawili tu: "Siwezi, Bibi." Akageuza uso ukutani. Nikaandika.

Bwana Yohani alifika kabla chai haijapoa. "Mwaiseni!" Mama Bupe alimkaribisha kwa Kibemba, wakacheka ya kwao. Bwana Yohani akashika jani kwa ncha za vidole, akalipeleka dirishani. Kisha akajipapasa mifukoni. Miwani ilikuwa kwenye gari, na dereva alikuwa amelipeleka gari kuweka mafuta.

"Nani kaandika? Basi anisomee."

Nikasimama. Nikasoma.

"Sikusikia," alisema Bwana Yohani.

Nikasoma tena.

"Bado. Masikio yangu ni ya zamani kama bidhaa zenu."

Nikamtazama Bibi Nambela, ambaye bado alikuwa ametazama ukuta, nikaona kama nitaiharibu bahati yake basi angalau aisikie ikiharibika. Nikavuta pumzi. Fundi baiskeli anaapa kwamba alizima redio ili asikilize. Nilisoma hivi, na ninayo bado nakala:

"Jani moja la ngozi, limekatwa kutoka kitabu kikubwa cha nyimbo. Dosari: lina mkunjo wa katikati kwa kufunikia daftari la jikoni. Ukingo wa chini ulilowa mvua. Baada ya hapo lilianikwa juani kwenye wavu wa dagaa na mwandishi wa maelezo haya, aliyedhani ni kama kahawa, likajiviringisha. Lilinyooshwa kwa hewa ya kimea cha ulezi na uzito wa cherehani. Kona ya juu kulia bado imeinuka. Lina alama za blanketi. Linanuka pombe ambayo haijapikwa. Wino haukuguswa. Herufi ya bluu ni nzima. Lugha siijui."

Bwana Yohani akaliinua jani akalinusa, kwa muda mrefu, kama anayechagua tikiti sokoni.

"Kimea," alisema. "Kweli kabisa." Kisha, "Huyo mwandishi ataanika tena?"

"Kahawa tu," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa. Lakini msidhani kicheko kililipa. Alipomaliza kucheka alipunguza bei, na Mama Bupe akapigana naye kwa lugha tatu, akapunguza tena kidogo, wakafika mahali wote wamekunja uso, ndipo wakapeana mikono. Jani likawekwa pembeni kusubiri ruhusa ya ofisi. Maelezo yangu aliyataka yaende nalo, yaleyale yenye doa la wino.

Mama Bupe akamgeukia Bibi Nambela. "Hela inatosha cherehani. Kifuniko chake haikutosha."

Bibi akageuka kutoka ukutani. "Kifuniko cha nini? Nitafunika kwa kanga." Akainuka, akaweka mkono juu ya mashine, na mkono ukapata kazi yake.

Kifuniko kile ndicho kilichokwenda na kosa langu. Kipo rafu ya juu, nyuma ya saa zisizotembea. Mteja akikiulizia, semeni hakiuzwi. Nikipata namna nitakipeleka Igamba.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili. Bibi aliamka kabla yetu, akatafuta uzi, na nilipotoka chumbani nilisikia mlio ambao haukuwa wa hewa. Ulikuwa na kitu katikati yake. "Lete hiyo sketi," aliniambia bila kuinua macho. "Tangu wiki ya kwanza nakuona unatembea na chuma miguuni."

Nikajifunga kitenge, nikang'oa pini za stepla moja moja nikaziweka kwenye kisosi. Bibi akazungusha, akazungusha, akakata uzi kwa meno aliyobaki nayo, akanipa.

"Imenyooka?"

Nimelelewa kusema ndiyo. Nikaitandaza dirishani kwenye mwanga, kama jani.

"Imepinda, Bibi. Hapa. Na huku nyuma imepinda zaidi."

Akaitazama, akaipeleka mbali na macho, akairudisha karibu. "Kweli imepinda," alisema. "Nifumue?"

"Usifumue."

Nikaivaa, nikatoka kwenda kanisani. Fundi baiskeli alikuwa ameshafungua redio. Nikamwamkia mimi kwanza, kwa sauti iliyoishinda redio yake, nikasimama mbele yake nikamwonyesha upindo.

"Umepinda," nikamwambia. "Hapa, na hapa nyuma."